Mtoto wa marehemu dada ana mwaka na miezi miwili, yuko makaoni. Nimwache, nimpe walezi, au nimchukue?

Shikamoo mama,

Nina miaka 27, naishi Mwanza na mume wangu na binti yetu wa miaka minne. Mimi ni mama lishe, mume wangu anaendesha bajaji ya mtu, anapeleka hesabu kila jioni.

Dada yangu alifariki akijifungua. Mtoto akapona. Mama yetu amepooza upande mmoja, shemeji alikuwa amechanganyikiwa, na kopo la maziwa ya watoto tulikuwa tunalinunua kwa kuchangishana, wiki haijaisha limekwisha. Wiki ya tatu muuguzi akatuunganisha na ustawi wa jamii, na mtoto akapokelewa kwenye makao ya watoto nje kidogo ya mji. Tuliambiwa atakaa pale mpaka avuke kipindi cha maziwa, halafu arudi nyumbani. Hatukumtupa, mama. Naomba hilo lieleweke.

Sasa ana mwaka na miezi miwili. Nitamwita Baraka, si jina lake. Naenda kumwona Alhamisi, mara mbili kwa mwezi. Makao ni masafi kuliko kwangu. Ana kitanda chake na chandarua, anakula mayai, uzito wake kwenye kadi ya kliniki uko kwenye kijani. Na ni mtoto mpole ajabu, halii. Nikifika ananyoosha mikono abebwe. Nikimweka chini anamnyooshea mgeni mwingine aliye jirani, hata kama ndiyo kwanza wanaonana. Mwezi uliopita walikuja wageni wa kizungu na maputo, akakaa mapajani kwa mmoja wao muda wote niliokuwepo, na nilipoaga hakugeuka. Wenzangu wa sokoni wananiambia huo ni uungwana, mtoto hachagui watu. Siku hiyohiyo nilimwona akilazwa mchana. Anakaa kitandani anajitikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka usingizi unamchukua.

Afisa ustawi ametuita. Anasema mtoto asiendelee kukaa pale, ndugu tuseme kama tunamchukua. Kama hatuwezi, kuna mtu na mkewe hapa mjini walioomba kulea, wameshachunguzwa, angewekwa kwao kwa malezi ya kambo. Mama mkwe wangu amesema aachwe hukohuko mpaka afikishe miaka mitatu, aanze chekechea, "ndipo atakuwa mtu". Anasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na tena mwana wa mwanaume mwingine. Mume wangu hajakubali wala hajakataa, anasema tutaona. Shemeji yuko machimboni Geita, ana mke mwingine, hutuma hela akipata.

Mimi neno kambo linanitisha. Mama wa kambo si mama, tumekua tukisikia hivyo. Naogopa nikikubali nitakuwa nimemgawa mtoto wa dada yangu kwa watu. Nikimchukua, naogopa atakuja kula chapati moja tugawane wanne, wakati kule anakula mayai. Je, si heri abaki panapomtunza mpaka akue kidogo?

Mama mdogo, Mwanza

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa na dada, na pole kwa mwaka mzima wa kujitetea. Hamkumtupa. Kichanga wa wiki tatu asiye na ziwa la mama, katika nyumba isiyomudu maziwa, hafiki mbali, na makao yale yalimwokoa. Hilo tuliweke pembeni lisituvuruge.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: uliaga, hakugeuka.

Mkumbuke binti yako alipokuwa na umri huo. Fundi akiingia ndani, mtoto yuko nyuma ya kanga yako. Ukienda kuoga analia mlangoni kama vile umehama nchi. Shangazi yake katoka safari, ananyoosha mikono, yeye anaing'ang'ania shingo yako na kumkazia macho kama polisi. Sisi tunaona usumbufu, kumbe ndipo mtoto anapoonyesha kwamba amempata mtu wake. Amejua, kati ya watu wote hawa, yupi nikilia atakuja. Mtoto aliyelelewa na mtu yuleyule, akifika mwaka na kidogo, anachagua, tena kwa ukali. Anayemwendea kila mtu kwa mikono ileile, mara nyingi bado hajapata wa kumchagua. Na wako watoto wanaonyamaza kwa kuwa walilia mpaka wakaona kilio hakileti mtu. Kujitikisa kabla ya kulala hata watoto wa majumbani hufanya, kwenyewe tu kusingenitisha. Nikiyaweka yote matatu pamoja, sikai vizuri. Mimi simpimi Baraka kwa barua. Mwambie afisa ustawi uliyoniambia mimi, na mtoto aonwe na daktari. Ila hao wanaomsifia uungwana, usiwasikilize.

Wala sikusudii kuwalaumu walezi wa pale. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, na karatasi za kupeleka watoto makaoni nimezisaini kwa mkono huu, nikarudi nyumbani nikalala usingizi mzuri. Mtoto anakula, ana paa, kazi imekwisha. Siku moja nikakaa kwenye chumba cha wachanga kuanzia asubuhi. Mama wa zamu alikuwa mmoja, vitanda vinane. Saa ya maziwa ikafika, akaanza kitanda cha kwanza: chupa mdomoni, kanga iliyokunjwa chini ya chupa isidondoke, kitanda cha pili. Mtoto anavuta maziwa huku anatazama dari. Alipofika cha nane, wa kwanza alikuwa ameshamaliza na ananyonya hewa. Yule mama hakuwa mvivu, alikuwa na mikono miwili. Saa nane mchana akavua aproni, akaingia mwingine. Nikaomba daftari la zamu nikahesabu: kwa wiki ile moja, mtoto mmoja alikuwa amepita kwenye mikono ya watu kumi na mmoja, ukichanganya na wanafunzi wa kujitolea. Wote walimpenda, sina shaka. Lakini mtoto wa miezi kumi hawezi kujifunza watu kumi na mmoja.

Chakula na usafi unavyoviona ni vya kweli. Kinachokosekana hakiandikwi kwenye kadi ya kliniki. Wataalamu wa makuzi wanakiita malezi yenye mwitikio, nacho ni kitu cha kila siku: mtoto anaguna, mtu anamjibu, anaonyesha kidole, mtu anatazama anapoonyesha, anaanguka, anamtafuta mtu kwa macho, anamkuta. Mara mamia kwa siku. Kwa mtoto wa umri wa Baraka, ubongo unajengwa na hayo kama unavyojengwa na mayai.

Hili si la kubahatisha, limepimwa. Romania, chini ya Nicolae Ceaușescu, ilipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ikitaka watu waongezeke. Wakaongezeka, wazazi wengi hawakumudu, na serikali ikajenga majumba makubwa ya kulelea watoto. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, dunia ikakuta watoto zaidi ya 100,000 humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti kutoka Marekani, wakina Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walichukua watoto 136 wa vituo sita vya jiji la Bucharest, wa umri wa miezi 6 hadi 31. Wakawagawa kwa kura ya bahati nasibu: 68 wakapelekwa kwa familia za kambo, ambazo ilibidi zitafutwe na kufundishwa kwa sababu Bucharest karibu hazikuwapo, na 68 wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa serikali. Walipofikisha miaka minne na nusu wakapimwa uwezo wa akili, kile kipimo kinachoitwa IQ. Kundi lililobaki lilipata wastani wa 73. Waliopelekwa kwa familia, 81. Watoto wa mji uleule waliokua na wazazi wao, 109.

Namba hizo nakuomba uzitazame kwa pande zote mbili. Familia ya kambo ilimwinua mtoto, lakini haikumfikisha walipofika wale ambao hawakuwahi kuingia kituoni. Na ndani ya kundi la waliotolewa, waliotoka kabla ya miaka miwili ndio waliopona zaidi, katika akili na katika kumpata mtu wao. Sasa rudi kwa mama mkwe wako na miaka yake mitatu. Anadhani mtoto mdogo haelewi, asubiri aelewe. Kumbe ndiyo miaka yenyewe inayopita. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu watoto waliokosa malezi ya wazazi inasema watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe kwenye familia. Mama mkwe namba ameitaja sawasawa, ila ameigeuza juu chini.

Baraka ana miezi 14. Kwa hiyo la kumwacha, jibu langu ni hapana.

Tena jiulize alikwenda kule kwa sababu gani. Kwa maziwa. Maziwa ya kopo ni ya mtoto wa chini ya mwaka. Sasa ana meno, anakula ugali mlaini, maharage yaliyopondwa, dagaa, parachichi, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanamtosha. Wewe ni mama lishe Mwanza, mji wa dagaa na sato, unaniambia mtoto atakosa chakula kwako? Chapati moja kugawana wanne nimecheka, halafu nikasikitika, maana najua hofu hiyo ilipotoka. Tumezoeshwa kuamini kwamba penye vitanda vya chuma vilivyopangwa mstari na wageni wenye maputo ndipo penye maisha. Kila Krismasi na kila Ramadhani maofisi yanabeba unga na sabuni yanapeleka makaoni, yanapiga picha yanaondoka, na bibi anayelea wajukuu watatu mtaa wa pili hapelekewi hata kipande. Nami niliwahi kusimama kwenye picha hizo.

Nije kwenye kambo. Aliyechagua neno hilo liingie kwenye sheria hakuwatendea haki walezi, maana Mswahili akisikia kambo anaona mama anayemnyima mtoto mboga. Malezi ya kambo kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hayana uhusiano na mke wa pili wa baba. Ni familia iliyoomba, ikachunguzwa na ustawi wa jamii, ikakabidhiwa mtoto alelewe nyumbani kwao huku afisa akiendelea kufuatilia. Mtoto anabaki na jina lake na ukoo wake. Kama mambo ya nyumbani yakitengemaa anaweza kurudi. Kuasili ni jambo jingine: huko mahakama inaamua, na mtoto anakuwa wa wale waliomwasili moja kwa moja. Watu wanachanganya haya mawili, ndiyo maana wewe unaona kama unaombwa kumgawa. Muulize afisa swali hilohilo, kwa maneno hayohayo: hawa wameomba kambo, au wana nia ya kuasili baadaye? Ni haki yako kujua kabla ya kukubali.

Jirani zetu wa Rwanda walipohesabu mwaka 2012 walikuta watoto 3,323 kwenye makao 33, wakaamua kuwarudisha kwa ndugu, na wasio na ndugu wakawatafutia familia. Hao walezi wanaitwa Malayika Murinzi, yaani malaika mlinzi. Wanyarwanda walijua kuchagua jina.

Sikupambii malezi ya kambo lakini. Kuna nyumba zinazochukua mtoto na baada ya miaka michache ndiye anayeosha vyombo. Kuna wanaomrudisha wakipata wa kwao, na mtoto anayehamishwa mara mbili tatu anaumia kuliko asiyehamishwa. Huko Bucharest nako, waliotulia kwenye familia moja walifanya vizuri kuliko waliotangatanga. Ndiyo maana ufuatiliaji wa afisa si karatasi tu.

Sasa nafasi yako. Wewe ni mama mdogo wake, unamtaka, unaogopa tu. Kwangu mimi wewe unakuja kwanza, halafu familia hiyo, na makao hayapo kwenye orodha. Ila kuna mtu mmoja anayenipa shida katika barua yako, na si mama mkwe. Ni mumeo. "Tutaona" si jibu la kumleta mtoto ndani. Mtoto aliyeletwa kwa "tutaona" ndiye atakayeambiwa kila hesabu ya bajaji isipotimia kwamba ni yeye. Kaa naye siku asiyoendesha, si usiku amechoka. Nenda naye Alhamisi makaoni, ambebe. Mwulize aseme ndiyo au hapana kwa mdomo wake. Akisema hapana, usimlazimishe na usimchukie. Hapo umwambie afisa mapema mtoto aende kwa ile familia, na wewe uombe jambo moja liandikwe: kwamba utamtembelea, na atajua wewe ni mama yake mdogo. Mtoto hapungukiwi kwa kupendwa na nyumba mbili. Usikae miezi sita mkijadiliana. Ukoo ukiitisha kikao cha Pasaka ijayo, mtoto anazeeka kitandani.

Akisema ndiyo, anzeni na baba. Shemeji yuko hai, mtoto ni wake, hamwezi kumpitia juu. Aje, au ndugu zake waje, mkae mbele ya afisa ustawi, yaandikwe mliyokubaliana: nani anaishi na mtoto, baba anachangia nini, akitaka kumchukua siku moja itakuwaje. Nimeona wajomba na mama wadogo wamelea mtoto miaka saba, baba anatokea na mke mpya anamchukua kama mzigo uliowekwa stoo. Karatasi haizuii kila kitu, lakini inampa afisa pa kushika. Cheti cha kuzaliwa kama hana mshughulikie sasa, akiwa chini ya miaka 5. Kadi ya kliniki na taarifa zake zote za makao mkabidhiwe, msipewe mtoto peke yake. Kwa hospitali, sera ni kwamba aliye chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, ingawa wewe na mimi tunajua utaambiwa dawa ukanunue. Muulize pia mtendaji wa mtaa kuhusu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya yenu, au ya mama yako, inastahili. Na makao yenyewe waulize bila aibu: mlikuwa mnamlisha kila siku, mnaweza kutusaidia miezi mitatu ya mwanzo? Mengine hufanya hivyo, na ni rahisi kwao kuliko kumweka.

Usimchukue kwa siku moja. Hili naliona likikosewa sana: ndugu wanafika na gari, mtoto anapakiwa, kwaheri. Nenda kila siku mbili kwa wiki mbili hivi, umlishe wewe, umwogeshe wewe, umlaze wewe. Binti yako aende naye. Uliza yuko mlezi gani anayemzoea kuliko wengine, hata kidogo. Mara nyingi ni wa usiku, au mpishi. Mwombe akuonyeshe anavyombeba na anachomwimbia. Siku ya kuondoka ombeni ile shuka anayolalia, na msiifue.

Nyumbani, mwezi wa kwanza usimgawe kwa majirani. Watakuja wote kumwona mtoto wa marehemu, watataka kumpakata, naye atawaendea kwa furaha. Wewe ndiye umpakate, umlishe, uamke usiku. Mume na binti wawe karibu, wengine wapunge mkono. Watasema unaringa. Mgongoni kwako kwa mbeleko kwenye biashara anaenea, mwangalie na moto tu. Anaweza kukataa kula, anaweza kujitikisa zaidi kabla hajaacha, anaweza kukutazama kama mgeni na ukasema moyoni heri ningemwacha. Pia anaweza kuanza kulia ovyo, mtoto aliyekuwa halii, na mama mkwe atasema umemharibu. Mwache alie, umfuate kila mara.

Na asubuhi moja utabeba ndoo yako uende sokoni, utamsikia analia mlangoni kama vile umehama nchi. Siku hiyo niandikie.